Mwaka Tuliomlisha Mkandarasi

Nilifika Pemba Bi Time ameshazikwa. Kwetu maiti hasubiri mtu, hata kama mtu huyo ana shahada zake na amepanda ndege kwa nauli ya kununulia mbuzi. Nikaingia hitmani, kwenye kisomo cha kumwombea, nikiwa na vumbi la safari. Kabla sijamaliza kuvua viatu, watu walishanisogezea mkeka mpya na kuniletea chai kwenye kikombe cha maua, kile kinachotoka kabatini kwa ajili ya wageni tu, na bwana mmoja akaniuliza kwa adabu kubwa kama njia ilinichosha. Pembeni kidogo, nyuma ya kiambaza cha makuti, mzee mmoja mwenye kiuno kibovu alikuwa ameinamia sufuria la wali huku wanawake wakimfokea kwa zamu. "Othman, wali unaungua huo!" "Nani kakwambia utie kuni zote?" "Ntu mzima hata moto huujui!" Naye, upawa mkononi, anawajibu kwa lafudhi ya Unguja mjini ambayo miaka yote hii haijamtoka: "Basi njooni mpike nyie!" Huyo ndiye Fundi Othman, ambaye hana hata kaburi moja la jamaa yake katika kisiwa hiki. Mimi, niliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka hapo, nilikuwa mgeni wa heshima. Yeye alikuwa wa kufokewa. Nikamwonea wivu, nikanywa chai yangu, na mwaka ule ukanijia wote kwa mkupuo.

Ulikuwa mwaka wangu wa kukaa bure. Nimemaliza kidato cha sita, chuo hakijaniita, na karafuu hazikuzaa vya kutosha kumpa mtu kama mimi kisingizio cha kuonekana na kazi. Kutwa nikizurura na kalamu mfukoni, nikiamini kwamba kalamu ni dalili ya mipango. Kijiji chetu kiko kusini, ukishaipita Mtambile na kushika njia za kuelekea pwani ya Chokocho, na wakati huo kituo chetu cha afya kilikuwa na chumba kimoja kilichofanya kazi zote: humo unapimwa homa, humo unafungwa jeraha, na mama akishikwa na uchungu wagonjwa wengine hutolewa nje wakasubiri kwenye jua. Mvua ikinyesha, wanaotolewa nje hukataa kutoka. Zuhura, binti wa pekee wa Bi Time, alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza nyuma ya gari ya mizigo, juu ya magunia ya muhogo, wakikimbilia hospitali ya Mkoani. Alipoteza damu mpaka midomo ikawa myeupe. Mwaka huo alikuwa na mimba tena, na kila aliyempa hongera alijibiwa neno moja: "Kwenye gari sirudi. Nife kitandani, lakini kwenye gari sirudi." Akilisema huku anacheka, ila mama yake hakuwa akicheka.

Kwa hiyo ilipokuja habari kwamba serikali imetoa fedha za kujenga chumba cha wazazi, tulishukuru kama watu walionyeshewa mvua baada ya kiangazi. Fedha zilikuja na sharti: wananchi wachague kamati yao ya kusimamia kazi. Bi Time akachaguliwa mwenyekiti kwa sababu hakuna aliyethubutu kugombea naye. Mzee Shaame akachaguliwa kwa sababu alikuwa amelala mkutanoni na hakuweza kukataa. Mimi nikawa katibu kwa sababu ya ile kalamu. Tukapelekwa semina Chake, tukapewa fulana, tukapewa kuku, na bwana mmoja wa wilaya akachora duara kubwa ubaoni, ndani yake akaandika WANANCHI, akatugeukia na kutuambia kwamba hizi ni fedha zetu, zimetoka kwenye jasho letu, tuna haki ya kuuliza kila kitu. Tukampigia makofi. Mimi nilirudi kijijini nikitembea kifua mbele, nikiwaambia watu "uwajibikaji" hata pale waliponiuliza saa ngapi.

Mkandarasi aliletwa kutoka Unguja: Fundi Othman, mnene kiasi, mcheshi, mwenye vibarua wawili na redio moja. Na hapo ndipo tulipokosea kosa ambalo sidhani kama kuna watu wengine wangelikosea. Tulimwona mtu aliyevuka maji kuja kutujengea. Kwetu mtu wa namna hiyo ana jina moja tu, mgeni, na mgeni ana dawa moja tu, chakula. Siku ile ile Bi Time alitandika mkeka barazani akaleta sinia. Kesho yake nyumba ya pili ikasema hailali na fedheha. Baada ya hapo kukawa na zamu, na baada ya zamu kukawa na mashindano. Nyumba moja ikitoa wali wa nazi na mchuzi wa pweza, inayofuata inatoa bokoboko lililopondwa mpaka linavutika kama mpira. Ikitoka samaki wa kupaka, kesho utaona mkate wa kumimina umepanda kama mto wa bwana harusi, na birika la maziwa ya tangawizi. Fundi Othman alikula kwa heshima zote, akasifu kila mpishi kwa jina lake, akalala kidogo baada ya adhuhuri, akaamka alasiri akatazama ukuta, akasema jua limeshakwenda.

Msingi ulikwenda mbio. Ukuta ukapanda mpaka kwenye madirisha, na hapo ukasimama. Wiki ikapita, ikaja nyingine, madirisha yakawa ni matundu mawili yanayotutazama. Tumbo la Zuhura halikusimama. Kamati ikakutana, na Mzee Shaame, aliyekuwa akiamini kwamba kila tatizo duniani huanzia tumboni, akatoa hoja yake.

"Fundi ana njaa."

"Njaa gani, Mzee?" nikamuuliza. "Jana kala kwa Bi Mosi bakuli mbili."

"Bakuli mbili za nini? Za mseto! Mseto wa choroko si chakula cha kubebea saruji. Ntu anainua zege, wewe wampa choroko!"

Basi tukaongeza chakula. Sitanii, kamati ya wananchi ya kusimamia fedha za umma iliketi, ikajadili, na ikaazimia nyama. Mimi ndiye niliyeandika azimio. Na kadiri nyama ilivyoongezeka, ndivyo usingizi wa adhuhuri ulivyorefuka, na ndivyo sisi tulivyozidi kuamini kwamba bado hajashiba sawasawa.

Mara moja tulijaribu kuuliza. Bi Time alituchukua, mimi na Mzee Shaame, mpaka kwenye kazi, mimi nimeshika kalamu, tumekubaliana njiani kwamba swali ni moja tu: utamaliza lini? Fundi Othman alitoka kutuamkia huku anafuta jasho ambalo sikuliona.

"Shikamoo, Bi Time. Mzee Shaame, shikamoo. Katibu, hujambo?"

"Marahaba," akasema Bi Time. "Hujambo, mwanangu? Umeamkaje?"

"Nashukuru Mungu."

"Na mama huko Unguja?"

"Mzima, anawasalimu."

"Alhamdulillahi. Na... na yule papa wa juzi, hakuzidi chumvi?"

"Ah, Bi Time! Papa yule nimemhadithia mama kwenye simu."

"Basi vyema," akasema Bi Time, na tukarudi. Tulipofika kwenye kisima Mzee Shaame akasema kwa sauti ya mtu anayejitetea mahakamani, "Lakini chumvi umemuuliza."

Nje ya visiwa hivi nimeshindwa mara nyingi kuwaeleza watu muhali ni kitu gani. Wanadhani ni woga. Si woga. Bi Time hakuwa akimwogopa mtu. Aliwahi kumfukuza fahali aliyevunja kamba kwa kumpiga kofi la ukosini tu. Muhali ni kushindwa kumtolea mtu neno la haki kwa sababu uso wake uko mbele yako, mmekula pamoja, na unaona kwamba haki yako itamtia doa usoni. Nimesoma baadaye vitabu vinene kuhusu fedha za umma, vyenye michoro mizuri kuliko lile duara la Chake, na hakuna hata kimoja kilicholitaja jambo hili. Vyote huanza pale mwananchi anapouliza. Hakuna kinachosema namna ya kumfikisha pale. Na nikifikiri vizuri, si Fundi Othman tu tuliyemfanya mgeni. Zile fedha nazo tulizipokea hivyo hivyo. Zilikuja kutoka mbali, tukazitandikia mkeka, tukaziona zimetutendea hisani kuja kwetu masikini. Nani humuuliza mgeni wake anatoka wapi, ana kitu gani mfukoni, na anaondoka lini?

Tungelimlisha mpaka leo, lau si yule bwana wa wilaya. Alikuja kukagua, na kwa kuwa ukaguzi hauendi na tumbo tupu, alikaribishwa chakula barazani kwa Bi Time. Zamu ilikuwa ya Zuhura. Alikuwa ameshakuwa mzito, anatembea mkono kiunoni, lakini alikataa kusaidiwa. Akapika pilau ya kuku, akakaanga samaki, akatengeneza kachumbari, akajitupa nyuma ya pazia na wanawake wenzake kusubiri tumalize. Sisi wanaume tukalizunguka sinia. Bwana wa wilaya alikula, kisha akanyoosha mgongo, akamtazama Fundi Othman kwa mapenzi makubwa.

"Mkandarasi," akasema, "mimi nimekagua kazi kisiwa kizima. Kila mkandarasi namtilia fungu la chakula cha vibarua kwenye malipo yake, na kila nikienda nawakuta vibarua wanatafuna muhogo wa kuchoma. Wewe peke yako ndiye unayelitumia fungu lile kama inavyotakiwa. Mashaallah! Pilau kama hii?"

Nyuma ya pazia kitu cha bati kilianguka, kikajiviringisha sakafuni kwa muda mrefu sana.

Mkono wa Fundi Othman ulikuwa umeshika paja la kuku. Haukwenda kinywani, wala haukurudi kwenye sinia. Alimtazama bwana wa wilaya, akatutazama sisi, akalitazama paja. "Tunajitahidi, bwana," akasema.

Ndiyo ilikuwa saa ya kusema. Duara lilichorwa kwa ajili ya saa ile. Nikamtazama Mzee Shaame, Mzee Shaame akanitazama, akameza, akamsogezea bwana wa wilaya bakuli. "Ongeza kachumbari, bwana," akasema. Bwana akaongeza. Akala, akashukuru, akazunguka jengo mara moja huku anajichokoa meno, akasema ukuta ni imara, akapanda gari lake akaondoka.

Fundi Othman aliondoka naye mpaka njia kuu, kwa kisingizio cha kumsindikiza. Pazia likafunguliwa. Zuhura alitoka wa mwanzo, na sijapata kuona mtu mwenye mimba akitembea kwa kasi ile.

"Kuku wangu!" akasema. "Kuku wangu wa mayai, Mama! Nimewachinja kwa ajili ya ntu anayelipwa chakula?"

"Pole, mwanangu," akasema Mzee Shaame.

"Usinipe pole, Mzee! Weye umeongeza kachumbari! Nimekusikia!" Akakaa kwenye kizingiti, akavuta pumzi, na sauti ikashuka. "Mama, miezi inakwisha. Chumba hakina hata paa. N'takwenda wapi mie?"

Hapo nikatoa pendekezo langu. Nilisema tuandike barua ya malalamiko kwa ngazi husika, nakala kwa ngazi ya juu yake. Bi Time akaniuliza ngazi husika iko wapi. Nikasema ndiyo ile iliyoondoka sasa hivi na gari. Kikao kikaniacha hapo na pendekezo langu.

Bi Time alikunja pindo la kanga yake. Kisha akasema, "Shaame, weye ukinikosea n'nakufanya nini?"

"Wanitukana."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya yeyote aliyepo, Bi Time. Mwaka jana ulinitukana mazikoni."

"Na ukanuna?"

"Ninune, nende wapi?"

"Basi," akasema. "Kosa letu moja. Tumemwacha mgeni muda mrefu mno. Mgeni hatukaniki. Tumfanyeni mwenzetu."

Ijumaa ile, baada ya sala, Mzee Shaame alisimama msikitini akatangaza kwamba Fundi Othman amekaa nasi kwa wema, amekula nasi, na kwamba kuanzia siku hiyo kijiji hakimhesabu mgeni tena. Ni mtu wa hapa, kwa mema na mabaya. Watu wakasema "Inshaallah!" wakampa mikono. Fundi Othman alitokwa na machozi. Alisimama akashukuru, akasema hajapata kupewa heshima kama ile tangu azaliwe. Maskini, hakuuliza mtu wa hapa ana kazi gani.

Jumamosi sinia halikuja. Alisubiri mpaka alasiri, akiamini wamechelewa, mwisho akamtuma kibarua wake akanunue mikate dukani. Jumapili aligongewa mlango mapema aende kulima njia ya msikitini na wenzake, na alipochelewa akatolewa kasoro na watu wa umri wa mdogo wake. Jumatatu akatakiwa mchango wa arusi ya watu asiowajua. Na kuanzia hapo midomo ilifunguka. Wale bibi waliokuwa wakimtandikia mkeka wakawa wanasimama na ndoo zao kichwani: "Othman! Ukuta huo mwezi wa tatu huu waungojea nini, uchume karafuu?" Wazee wanaopita kwenda shamba: "Othman, saruji iliyomwagika pale ni ya baba yako?" Bi Mosi, yule wa mseto, alimwita mvivu kwa sauti iliyofika pwani. Hakuna aliyemchukia. Walimsema kama wanavyosemana wao kwa wao, kutwa, bila kinyongo, huku wakimwuliza mama yake anaendeleaje.

Jioni moja alinikuta kwenye baraza ya duka, akakaa karibu nami. Alikuwa amepungua kidogo. "Katibu," akaninong'oneza, "watu wa hapa wamebadilika?"

"Hawajabadilika, Fundi," nikamwambia. "Ndivyo tulivyo."

Ukuta ukapanda. Kwa kweli sijui kama aliogopa, au aliona haya, au ni vile tu kwamba mtu asiyepata pilau hana sababu ya kulala adhuhuri. Lenta ikamwagwa, kenchi zikasimama, bati zikapigiliwa mvua za vuli zikiwa zimeshaanza kutishia. Plasta ilikuwa ya wasiwasi, lakini ilishika. Bwana wa wilaya hakurudi tena kukagua, labda kwa sababu alisikia kwamba sinia zimekoma.

Zuhura alishikwa na uchungu asubuhi ambayo Fundi Othman alikuwa anatia mlango. Walikuja kwa miguu, yeye na mama yake, na nyuma yao wanawake, na nyuma ya wanawake nusu ya kijiji, maana kwetu uzazi hauna mwaliko. Mlango ulikuwa umesimamishwa kwenye fremu, bawaba hazijafungwa hata moja. Fundi akaomba apewe muda kidogo. Muuguzi wa kituo akamwambia mtoto haombwi muda. Zuhura akapitishwa ndani, upepo ukavuma ukataka kuulaza mlango juu ya watu, na Fundi Othman, asione jingine la kufanya, akageuka, akauegemea kwa mgongo, akaushika kwa mikono miwili na kufunga macho kwa staha.

"Usiachie!" muuguzi akapiga kelele kutoka ndani.

"Siachii!"

"Na usichungulie!"

"Astaghfirullahi, nitachungulia kwa kisogo?"

Tukakaa mbele yake, watu wote, kwenye majani. Kilio cha Zuhura kikawa kinapanda na kushuka, na kila kinapopanda Fundi Othman anakunja uso kama anaumwa yeye. Hatukuwa na la kufanya ila kumtazama. Na hapo Mzee Shaame, yule yule wa kachumbari, akakohoa.

"Othman," akasema, "dari iko wapi?"

"Mzee, si wakati wake huu."

"Wakati wake lini? Leo huna pa kwenda."

Watu wakasogea. "Na kitasa?" akauliza mmoja. "Madirisha yana wavu?" akauliza mwengine. "Rangi ni hiyo moja tu?" Akajibu yote, jasho linamdondoka puani bila mkono wa kulifuta: dari Alkhamisi, kitasa kiko Mtambile kimeshalipiwa, wavu upo. Bi Mosi akauliza bomba la maji.

"Bomba halimo katika kazi yangu, Bi Mosi."

"Hata kukupikia hakukuwamo katika kazi yangu," akasema Bi Mosi. "Fungu la chakula umelitia wapi?"

Mimi, katibu, mtu wa uwajibikaji, nilijikuta nimeinama nachomoa majani, nikimwonea muhali kwa niaba ya watu wote. Fundi Othman alifungua macho, akatutazama mmoja mmoja, uso kwa uso.

"Lipo," akasema. "Si lote. Lakini la bomba litatosha."

Nyuma ya mlango Zuhura akapiga ukelele mmoja mkubwa kuliko yote, ukakatika. Hatukusikia kitu. Fundi Othman akabana mlango kwa mgongo kama aliyezuia nyumba nzima isianguke, midomo inasoma. Kisha kikatoka kilio kingine, chembamba, cha hasira, cha mtu mpya kabisa. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka bati zikaitika. Mzee Shaame akawa analia na kuniambia ni moshi, na hapakuwa na moto popote.

"Mzima?" akauliza Fundi Othman. "Bi Time! Zuhura mzima?"

"Mzima!" sauti ya Bi Time ikajibu kutoka ndani, imepasuka kwa furaha. "Wazima wote wawili. Wataka maji ya kuoga. Hilo bomba lini?"

"Kesho, Bi Time."

Na kwa mara ya kwanza katika maisha yetu, bila ya semina, bila ya fulana, kijiji kizima tukaitika kwa pamoja, na sauti yangu nikaisikia imo:

"Kesho saa ngapi?"